Skrubu ya Nne

Kirongwe, Jumamosi alasiri

Mwanangu Oliva,

Barua huanza kwa salamu, nami sijui nikusalimu vipi wakati uko nyumba ya tatu tu kutoka hapa, kwa Bi Zuhura, umekwenda kuaga. Nasikia mnavyocheka. Salamu zako nitakupa ukirudi. Kesho asubuhi Babu atakupeleka Kilindoni mpande boti mpaka Nyamisati, halafu basi la kwenda Lindi kwa mama yako. Begi lako liko mlangoni. Habari za kupiga mswaki na kuvaa kandambili chooni umeshaambiwa na kila mtu mpaka umechoka, mimi sitazirudia.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako la Alhamisi. Tulikuwa tunachambua mchele, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama Mdogo, naondoka kwa sababu nilivunja kiti cha Babu?"

Nikasema hapana. Ukasema, "Haya," ukaendelea kutoa mawe. Hukuniamini, na hukukosea. Nilisema hapana kwa sauti ya mtu anayeficha kitu, na kweli nilikuwa nakificha. Jibu lenyewe ni refu, na kila nikitaka kulisema naahirisha. Unanijua. Mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne bila kunyoosha mkono darasani hata mara moja. Kwenye karatasi nina afadhali kidogo.

Ulikuja kwetu ukiwa na miaka miwili. Mama yako, dada yangu mkubwa, alikuwa anakwenda bara kusomea uuguzi, na Bibi yako alikuwa ameshatutoka mwaka mmoja nyuma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Dada alikuweka mapajani mwangu akasema, "Skola, huyu ni mwanao sasa," akiwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nilidhani ni maneno tu, kama watu wote wanavyosema kuhusu mama wadogo. Usiku ule ulilia, ukanyamaza nilipokushika sikio. Sijui kwa nini ilikuwa sikio. Kuanzia hapo ukawa mwanangu kweli, ingawa nilikuwa bado naogopa kwenda chooni peke yangu gizani.

Mwaka uliofuata ndipo kiti kilipokuja. Hukumbuki siku hiyo, kwa hiyo nikueleze. Babu alitoka Songea akiwa kijana, akaajiriwa kutunza mafaili ofisini Kilindoni, na huko alikaa mpaka akastaafu. Wenzake walimuuliza anataka zawadi gani ya kumuagia. Walidhani atataja mabati au godoro. Yeye akasema, "Nataka kiti changu." Wakacheka, wakadhani ni utani. Alikuwa hatanii. Mgongo wake ulikuwa umeshazoea kile kiti, na kiti kimeshamzoea yeye. Basi kililetwa Kirongwe nyuma ya pikapu, kimefungwa kwa kamba, na Babu amekaa juu yake akipungia watu mkono njia nzima. Watoto walilifuata mbio lile gari mpaka hapa mlangoni. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa amewahi kuona kiti cha ofisi kikiwekwa barazani, chenye magurudumu matano na mkono wa kupandishia na kushushia, kitambaa cheusi cha kukalia na cha kuegemea.

Ukiniuliza nitakumbuka nini kwako, nitasema Jumamosi. Kila Jumamosi tulikuwa tunakisafisha. Tunakilaza juu ya mkeka, magurudumu juu, na wewe unakaa pembeni na sindano kubwa ya kushonea magunia, kazi yako kutoa vilivyojisokota ndani ya magurudumu. Ulikuwa mvumilivu kuliko mimi. Ulitoa nyuzi, nywele zangu za kusuka, magamba ya samaki, siku moja choroko iliyokuwa imeanza kuota. Magurudumu uliyapa majina ya samaki. Changu, Tasi, Pono, Kolekole, na lile lililokuwa linapiga kelele ukaliita Mwalimu Mkuu. Ukishalisafisha unaliambia, "Haya mwalimu, nyamaza sasa, wenzako wanasoma."

Mimi nilikuwa nafuta kitambaa. Babu alinifundisha namna: maji kidogo ya mvua, sabuni kidogo, kitambaa kiwe kimekamuliwa mpaka hakidondoshi, unafuta kuelekea upande mmoja, halafu kinakaa kivulini kwenye upepo, si juani. Kisha bisibisi, unakaza kila skrubu taratibu. Mwisho grisi kiasi cha punje ya mchele kwa kila gurudumu, ile ya kwa Fundi Shomari anayetengeneza baiskeli. Kazi ikiisha Babu anakuja, anakaa, anafumba macho, anasema, "Ofisi imefunguliwa. Karani wangu yuko wapi?" Karani ulikuwa wewe. Unapanda mapajani mwake, na anakizungusha mara moja tu, pole pole, mpaka mnaona shamba la minazi, barabara, nyumba yetu, na shamba la minazi tena.

Akiwa hayupo ulikuwa unakizungusha mwenyewe, kwa kasi. Nilikuona mara nyingi. Nilikuwa nakuacha, kwa sababu ulikuwa unacheka kicheko ambacho hukukitoa mahali pengine popote.

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Ulikuwa na miaka saba, umeingia darasa la kwanza mwaka huo. Wenzake Babu wa zamani walituma salamu kwamba watakuja kumtembelea Jumapili, baada ya misa. Mimi nikaingiwa na hamu ya kuona kiti kinang'aa. Nilitaka waseme, "Binti yako anakitunza." Hakuna mtu aliyekuwa akinisifu kwa kitu wakati ule. Shuleni nilikuwa kama dawati. Ndiyo maana alfajiri ya Jumapili hiyo sikungoja Babu aseme, na sikungoja wewe uamke.

Kwanza maji. Pipa la mvua lilikuwa limekauka, nikateka ya kisima cha bondeni, kile chenye maji ya chumvi. Nikajiambia maji ni maji. Halafu kufuta nikaona hakutoshi. Nikachukua bisibisi nikafungua sehemu ya kukalia, skrubu nne, nikaizamisha yote kwenye beseni pamoja na sponji lake, nikaikandamiza kama nguo. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi, nikafurahi sana. Nikaianika juani ikauke haraka. Halafu grisi haikuwepo. Bi Zuhura alikuwa amepika mafuta ya nazi, akanijazia chupa bila kuniuliza ya nini. Nikayapaka kila mahali. Magurudumu, bomba la katikati, mikono. Kiti kiling'aa kama kimetoka dukani. Bi Zuhura alipopita alisimama akanusa hewa.

"Skola, unakaanga vitumbua?"

"Hapana, Bi Zuhura. Ni kiti."

"Kiti!" Akashika kiuno. "Basi leo kitakaliwa na siafu kabla baba yako hajakikalia."

Alikuwa anatania, nami nilicheka. Lakini kufika saa nne sisimizi walikuwa wameshajipanga kutoka ukutani mpaka kwenye magurudumu, na mchanga wote wa barazani ulikuwa umeganda kwenye mafuta. Nikaanza kuhangaika. Nikarudisha sehemu ya kukalia haraka. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haikuwepo. Nilikuwa nimeziweka chini, kwenye mchanga, bila kopo wala kitambaa cha kuziwekea. Nilipiga magoti nikapapasa uwanja wote. Nikachukua chekeche la unga nikachekecha mchanga. Sikuiona. Nikakitikisa kiti, nikaona kimesimama. Nikajiambia tatu zinatosha.

Nilikwenda kuoga. Wewe ukatoka, ukakikuta kiti kinang'aa, ukapanda, ukazunguka. Babu alikuwa anatoka kanisani, akakuona tangu barabarani. Yale mengine uliyaona mwenyewe. Alikuteremsha, akakaa kwa uzito wake wote, akaegemea upande wa kulia, na kiti kikafunguka chini yake. Nilitoka nikamkuta sakafuni, ameshika kiuno, na wewe umesimama ukutani umeweka mikono nyuma. Wageni waliingia wakamkuta kalala kitandani.

Babu alisema mbele yao, "Oliva, mara ngapi nimekwambia kiti si pembea?"

Nawe ukasema, "Nisamehe, Babu."

Mimi nilikuwa mlangoni na kanga ya kuogea. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu: ni mimi. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha mgeni mmoja akasema, "Watoto ndivyo walivyo," na watu wakaendelea na mengine, nami nikaona nafasi imepita. Uongo huo nilijiambia kwa muda mrefu, kwamba nafasi ilikuwa imepita. Haikupita. Ilikuwepo siku iliyofuata na siku iliyofuata tena.

Ilikuwepo Fundi Shomari alipokuja. Alikilaza kiti, akapitisha kidole kwenye gurudumu, akanusa.

"Nani kakipaka nazi? Hiki kiti au kichwa cha mwari?"

Babu akacheka kutoka kitandani, mara ya kwanza tangu aanguke. Nilisema ni mimi. Unaona, hilo niliweza kulisema, kwa sababu lilikuwa la kuchekesha. Fundi akageuza kule chini akasema, "Na hapa skrubu moja haipo. Hizi nyingine zimelegea. Itakuwa imechomoka mtoto alipokuwa anazungusha." Akaniangalia nimpe beseni la kuwekea magurudumu. Nikampa beseni. Ndivyo nilivyokupa kosa langu mara ya pili, Oliva, mkononi mwangu nikiwa na beseni la magurudumu.

Babu alilala karibu mwezi. Kitambaa nacho hakikukauka tena vizuri. Chumvi ilibaki ndani ya sponji, ikawa inavuta unyevu kila masika na kutoa madoa meupe kama ramani. Kila akikaa alikuwa analalamika kuwa kiti kina ubaridi. Alikupiga marufuku kukipanda. Akaacha kukuita karani. Na wewe ukaanza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu jinsi linavyoniumiza: kila Babu akitaka kukaa, ulikuwa unatangulia mbio, unakibonyeza kiti kwa mikono miwili, hapa na hapa, kisha unarudi nyuma. Yeye alidhani ni adabu. Miaka miwili umefanya hivyo. Umefanya hata leo asubuhi.

Wiki tatu baada ya Babu kuanguka nilikuwa nafagia chini ya mpapai, nikaiona skrubu. Ilikuwa imeshika kutu kidogo. Ningeweza kuingia nayo ndani siku ileile. Nikaitia kwenye mkebe wangu wa kalamu, na ndiyo niliyokwenda nayo kwenye mtihani wa kidato cha nne.

Babu ameamka, nasikia anakohoa barazani. Ngoja niweke kalamu chini.

* * *

Sasa jua limeshazama na taa zimewashwa. Naandika tena kwa sababu mengi yametokea, na mengine uliyaona lakini una miaka tisa, na nataka ukiwa mkubwa uyasome kama yalivyokuwa.

Nilikwenda barazani. Babu alikuwa anasikiliza redio. Maneno yalikataa, kwa hiyo nikaweka skrubu juu ya mkono wa kiti, mbele ya kidole chake.

"Hii ya nini?"

"Ya kiti, baba."

"Kiti kina skrubu zake zote. Shomari aliziweka."

"Ya zamani. Ile iliyopotea."

Akazima redio. "Umeiokota wapi?"

"Uwanjani. Mimi niliifungua siku ile. Nilikuwa nakiosha. Nikarudisha tatu." Nikajilazimisha kuendelea. "Oliva hakuvunja kitu. Alikuta kimeshavunjika."

Babu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivua miwani, akaiweka mapajani, akaangalia barabara. Kisha akaniuliza, "Na ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Mtu wa miaka kumi na sita anaweza kusema."

"Ndiyo, baba."

"Na mtu wa miaka sitini na mitatu anaweza kuuliza kabla ya kuhukumu." Akanyanyuka kwa kushika mgongo. "Mimi nilikaa ofisini miaka yote ile, sikufunga faili bila kusoma pande zote mbili. La mjukuu wangu nikalifunga nimesoma ukurasa mmoja. Kamuite."

Ulikuja na mfuko wa visheti aliokupa Bi Zuhura. Ulitutazama ukajua kuna jambo. Nikakwambia yote, nimesimama, mikono yangu nimeishika mwenyewe. Hukuuliza kitu mpaka mwisho. Babu naye akasema, "Oliva, nilikukosea. Nilikusingizia, na sikukusikiliza. Naomba unisamehe." Sijawahi kumsikia mtu mzima wa umri wake akimwambia mtoto maneno hayo, akiwa amesimama, kofia mkononi.

Ukamwambia, "Nimekusamehe, Babu." Haraka, kama unavyoitikia shikamoo. Kwangu hukusema hivyo. Uliniangalia ukauliza, "Mama anajua?"

"Bado."

"Anajua kwamba mimi ndiye niliyevunja?"

"Babu alimwambia hivyo kwenye simu, wakati ule."

"Basi mpigie."

Unajua simu inavyonitisha. Ikilia hapa nampa Babu, nakupa wewe, nimewahi kumpa hata muuza mkaa. Nikakuambia, "Kesho ukifika nitakuwa nimempigia." Ukasema, "Hapana. Sasa hivi, nikisikia." Ukakunja mikono. Ulifanana na mama yako mpaka nikaogopa.

Nikapiga. Dada alipokea akicheka, akidhani ni habari za boti. Nikamwambia huku wewe umesimama mbele yangu unanitazama mdomo. Nilipokwama uliniambia, "Na ya fundi. Mwambie na ya fundi." Nikamwambia na ya fundi. Dada akasema, "Skola, nilimgombeza mtoto huyu kwenye simu. Nilimwambia anamchosha Babu yake, atahamishwa." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mpe simu."

Ulichukua simu ukaenda nayo uwanjani, ukazunguka nyuma ya jiko. Sikukufuata. Yale ni yenu.

Kwa hiyo sasa unajua ule uoga wako ulitoka wapi. Haukutoka hewani, mama yako alitamka neno akiwa na hasira, kwa sababu ya habari ya uongo, na habari hiyo niliiacha itembee. Lakini anakuchukua kwa sababu amepata nyumba ya vyumba viwili na kazi isiyomhamisha, na amekuwa akingojea hilo tangu siku alipokuweka mapajani mwangu. Aliniambia hivyo mwezi uliopita, kabla ya kukuambia wewe. Mimi ndiye niliyelia, kwa sababu nilikuwa nataka ubaki. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyetaka uondoke. Soma sentensi hiyo mara nyingi utakavyo.

Huko utakuta mambo ya kwenu na utajifunza kwa mama yako. Yeye ni hodari kuliko mimi. Mimi nina kitu kimoja tu nilichokijua kwa shida. Nilikuwa nadhani kuona haya ni tabia njema. Watu wananisifu, wanasema binti mpole, hana maneno. Kumbe kunyamaza kwangu siku ile hakukuwa upole. Nilikuwa najikinga, na wewe ndiye uliyekuwa ngao, ukiwa na miaka saba. Nakwambia hivi kwa sababu nawe umeanza kuwa kama mimi. Tangu siku ile umekuwa unasema "haya" kwa kila jambo. Zamani ulikuwa unabisha mpaka na magurudumu. Leo ulipokunja mikono ukasema "sasa hivi, nikisikia", niliogopa, lakini ndani nilifurahi kuliko siku zote za mwaka huu.

Uliporudi kutoka nyuma ya jiko, ulinipa simu, ukala wali wako karibu na Babu, ukaenda kulala upande wa ukutani, umenipa mgongo. Nilipokufunika ulisema, "Sijakusamehe bado, Mama Mdogo." Nikasema sawa. Na ni sawa kweli. Usinisamehe kwa sababu kesho ni safari, au kwa sababu watu watakuwa wanatutazama hapa mlangoni na itakuwa aibu. Uliubeba mzigo wangu miaka miwili. Huwezi kudaiwa uutue kwa usiku mmoja. Kesho ukitaka kunipa mkono tu bila kunikumbatia, nipe mkono.

Barua hii naitia kwenye kitabu chako cha hesabu, utaiona shule zikifunguliwa. Ikifika siku ukasikia moyo wako umelainika, usihangaike kuniandikia. Chukua simu ya mama yako unipigie. Nitapokea mwenyewe, hata kama nyumba imejaa wageni.

Na kama bado hujanisamehe, nipigie vilevile. Nitapokea.

Mama yako mdogo,
Skola